Somo la TEHAMA: Modi za Mchezo Zinapogongana

Vijana wengi wanaocheza Minecraft kwenye kompyuta huongeza modi, yaani faili zilizotungwa na wachezaji wengine ili kuleta wanyama, zana au mandhari mapya mchezoni. Modi moja huwa haisumbui. Zikifika ishirini au thelathini, mchezo unaweza kukataa kufunguka. Wengi hapo hufuta kila kitu, pamoja na dunia waliyoijenga kwa miezi. Somo hili linaeleza jinsi ya kupata chanzo cha tatizo bila kupoteza kazi yako.

Kwa nini modi hugongana

1. Toleo. Modi iliyotungwa kwa toleo la 1.20.1 mara nyingi haifanyi kazi katika 1.21. Vilevile, Fabric na Forge ni programu mbili tofauti za kuingizia modi mchezoni. Modi iliyotungwa kwa moja haifunguki kwa nyingine.

2. Tegemezi. Modi nyingi za Fabric huhitaji faili ya Fabric API. Isipokuwepo, mchezo husimama na kuitaja kwa jina.

3. Marudio. Faili ya zamani na mpya za modi ileile zimeachwa pamoja kwenye folda.

4. Kugombea kazi moja. OptiFine na Sodium zote hubadilisha namna mchezo unavyochora picha. Mafahali wawili hawakai zizi moja, chagua moja.

Kabla ya kugusa chochote

Funga mchezo. Nakili folda ya saves, ambamo dunia zako zimehifadhiwa, uiweke kwenye flashi. Usiruke hatua hii. Ukiondoa modi iliyoleta aina mpya ya matofali kisha ukaifungua dunia yako, kwa kawaida matofali hayo hutoweka, na kuirudisha modi hakuyarudishi.

Kisha soma ripoti. Imo katika folda ya crash-reports, au faili ya latest.log ndani ya folda ya logs. Huna haja ya kuelewa kila mstari. Tafuta jina la modi unayoitambua.

Njia ya nusu kwa nusu

Ripoti isiposaidia, usibahatishe. Tuseme una modi 64. Hamisha 32 kwenye folda ya kando, kisha fungua mchezo ukitumia dunia mpya ya majaribio. Ukikwama, modi mbovu imo katika zilizobaki. Ukifunguka, imo katika ulizohamisha. Zijaribu hizo peke yake kuhakikisha. Endelea kugawanya kundi lenye shida: 16, 8, 4, 2, 1. Hatua 6 za kugawanya zinatosha. Hakikisha tu kila modi inakwenda pamoja na tegemezi lake.

Kila nusu ikifanya kazi vizuri peke yake, basi ugomvi ni wa modi mbili, moja kila upande. Acha nusu ya kwanza ndani, urudishe ya pili kidogo kidogo hadi mchezo ukwame. Ukiipata moja, ibakishe na umtafute mwenzake kwa njia hiyohiyo.

Baada ya hapo tafuta toleo jipya la modi hizo. Lisipopatikana, ondoa moja. Andika daftarini jina, toleo na tarehe ya kila modi, na siku zijazo ongeza moja, ujaribu, ndipo uongeze nyingine.

Usalama

Mnamo Juni 2023, programu hasidi iliyoitwa fractureiser iligunduliwa ndani ya modi za Minecraft zilizopakiwa CurseForge, tovuti inayotumiwa na wachezaji wengi. Iliiba taarifa za kuingilia akaunti za watu. Kwa hiyo, usizime kinga ya virusi ili modi ifunguke, na usipokee faili zinazosambazwa kiholela kwenye makundi ya WhatsApp. Katika kompyuta ya maktaba au kituo cha vijana, omba ruhusa ya msimamizi kwanza, kwa kuwa mashine hiyo hutumiwa na wengine pia.

Ukishuku umeathirika, badilisha nenosiri kwa kutumia kifaa kingine, na utoe taarifa kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Zoezi

Una modi 40 na moja ni mbovu. Utagawanya mara ngapi, kwa wingi, kabla ya kuipata?

Jibu: mara 6. Anayetafuta hitilafu kwenye mtandao wa ofisi au nyaya za nyumba anaweza kutumia hesabu hiyohiyo.