Nyufa, Mipaka na Majeraha: Nani Anawajibika Ujenzi Unapoendelea Sinza?

Viwanja vingi vya Sinza vilipimwa katika miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilikusudiwa nyumba ya chini ya familia moja, na ua wa kuanika nguo. Leo, kuanzia Mori hadi Makaburini, nyumba hizo zinabomolewa na mahali pake yanainuka maghorofa ya kupangisha, maduka na nyumba za wageni. Kiwanja ni kile kile, lakini uzito juu ya udongo umeongezeka, na msingi wa mmoja sasa unachimbwa hatua chache kutoka ukuta wa chumba anacholala mwenzake.

Jiji hili limekwisha kulipa gharama ya uzembe. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Kisutu, liliporomoka na kuua watu 36. Hawakuwa mafundi peke yao. Miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Haukupita mwezi, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza nchini Bangladesh likaanguka na kuua zaidi ya watu 1,100. Huko nyufa zilionekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa kurudi ndani. Tarehe 16 Novemba 2024 msiba ukarudi Dar es Salaam: jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Ajali za namna hii huzua swali lile lile: nani alaumiwe? Sheria hailiachi wazi kama watu wanavyodhani. Mwenye kiwanja ndiye mwenye wajibu wa kuomba kibali cha ujenzi katika Manispaa kabla ya kuchimba msingi, na kujenga kilichoidhinishwa. Kibali cha ghorofa mbili hakimpi mtu ruhusa ya kuongeza ya tatu kwa sababu fedha zimepatikana. Msanifu na mhandisi huwajibika kwa michoro na hesabu zao mbele ya bodi zilizowasajili. Mkandarasi huwajibika kwa kazi yenyewe, naye anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Bango la mradi linalosimikwa mbele ya eneo la kazi lipo ili mpita njia ajue majina ya wahusika hao. Ghorofa linalopanda bila bango ni jambo la kuulizwa katika ofisi ya mtaa siku hiyo hiyo, kabla zege halijamwagwa.

Chukulia mfano huu. Mwenye kiwanja anachimba msingi wa kina kirefu kando ya mpaka. Mvua za masika zinanyesha, udongo unaporomoka, na ukuta wa jirani unapata ufa unaoingia kidole. Jirani anakwenda Baraza la Kata akidai fidia, anaambiwa hapo si mahali pake, anarudi nyumbani amekata tamaa. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa mgogoro mmoja wa ujenzi unaweza kuwa na sura tatu au nne, na kila sura ina mlango wake.

Ikiwa jirani amevuka mpaka, huo ni mgogoro wa ardhi. Baraza la Kata hujaribu kuwapatanisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kutoa hukumu, na upatanishi usipofikiwa ndani ya siku 30 shauri huweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ikiwa mpaka haubishaniwi ila ukuta umeharibiwa, hayo ni madai ya madhara, na njia yake ni mahakama ya kawaida. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai hayo. Anayesubiri "mpaka ujenzi uishe" anaweza kukuta muda umeisha kabla ya ujenzi. Ikiwa ugomvi ni kati ya mwenye nyumba na fundi aliyepokea fedha akaacha nguzo nusu, huo ni wa mkataba, na ukomo wake ni miaka 6. Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia, ila kuyathibitisha ni kazi ngumu kuliko kujenga.

Aliye dhaifu kuliko wote katika mlolongo huu ni saidia fundi, kijana anayelipwa kwa siku, anayepanda jukwaa la mirunda akiwa na ndoo ya zege na kandambili miguuni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ampe vifaa vya kujikinga bila kumkata ujira. Naye mfanyakazi anapaswa kuvitumia na kutoa taarifa ya hatari anayoiona. Akiumia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri autaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 tangu apate habari. Mwajiri akinyamaza, mfanyakazi au ndugu zake waripoti wenyewe, na wafanye hivyo ndani ya miezi 12. Shilingi chache za "pole" zinazotolewa hospitalini hazifuti haki hiyo, hata kama aliyezipokea ametia saini karatasi.

Kwa jirani, ushahidi bora ni ule uliokusanywa mapema. Apige picha za kuta zake kabla uchimbaji haujaanza, zikionyesha tarehe. Ufa ukitokea, aweke alama ya penseli kwenye ncha yake na kuandika siku. Ukivuka alama, unaendelea kukua. Taarifa kwa mtendaji wa mtaa itolewe kwa maandishi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa nakala hiyo mkazi anaweza kwenda kwa mhandisi wa Manispaa kuomba eneo likaguliwe. Nyufa zikipanuka kwa saa badala ya siku, au milango ikianza kukwama ghafla, waliomo watoke kwanza na kupiga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Barua itaandikwa baadaye.