Mjamzito, Barakoa na Vumbi la Kazini

Kijitabu hiki ni cha nani
Ni cha mjamzito anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga, kiwanda cha pamba au karakana ya mbao. Mumewe na msimamizi wake nao wakisome.

Pumzi ya mjamzito
Mimba yenyewe hufanya pumzi iwe fupi, hata kabla tumbo halijaonekana. Barakoa ya kitambaa, au ile ya bluu ya hospitali, haikunyimi hewa wala haimnyimi mtoto. Ile ngumu inayobana uso, N95, ndiyo inayozuia vumbi laini vizuri zaidi. Inachosha, hasa ukibeba magunia, kwa hiyo pumzika mara kwa mara.

Toka nje kwanza
Hapa ndipo tunapoumia. Mama anabanwa pumzi, anaishusha barakoa hadi kidevuni, na mashine bado inaunguruma. Mtazame: unga umeganda puani. Anahema kwa nguvu, basi ndiyo kwanza anavuta vumbi jingi zaidi. Pumzi ikibana, toka nje kwanza. Kaa penye upepo, vua, vuta hewa, kunywa maji. Ukitulia, vaa ndipo uingie. Gunia limebaki nusu? Toka nje kwanza. Simu inaita? Toka nje kwanza. Foleni ya wateja imefika barabarani? Toka nje kwanza, watasubiri.

Pua ikae ndani ya barakoa.

Tahadhari nyingine
Barakoa ikiloa jasho hupitisha hewa kwa shida, badilisha. Ile ya kutupa itupwe, usiianike. Usifunge khanga juu yake. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa rangi wala gundi. Hapo omba kazi nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari. Si fadhila.

Usiisingizie barakoa
Ukihema umekaa tu na barakoa umevua, moyo unakwenda mbio, viganja vimepauka, huenda damu imepungua. Nenda kliniki ukapimwe, na vidonge vya kuongeza damu uvimeze, visikae kabatini. Kifua kuuma, kukohoa damu, midomo kuwa ya bluu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, uso kuvimba pamoja na kichwa kuuma sana, mtoto kupunguza kucheza: hospitali saa hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Msimamizi
Weka benchi nje, kivulini, na usimkate posho anapokwenda kukaa.