Likizo ya Mtoto Baada ya Wazazi Kutalikiana

Shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, mtoto ambaye wazazi wake wametalikiana hukabiliwa na swali zito: aende kwa nani, na atakayebaki atakasirika? Somo hili linaeleza sheria inavyosema, na namna wakazi wa Mbweni wanavyoweza kupanga likizo kabla ugomvi haujaanza.

Haki ni ya mtoto

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto wa wazazi waliotengana au kutalikiana haki tatu. Kwanza, kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya wazazi kuachana. Pili, kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona ana uwezo wa kumlea. Tatu, kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila atakapo, isipokuwa pale mpango huo utakapovuruga masomo yake.

Ifahamike kwamba mwenye haki hapa ni mtoto. Kumtembelea baba au mama si zawadi ambayo mzazi mmoja humpa mwenzake. Na kwa kuwa kikwazo kinachotajwa ni masomo, likizo ndiyo wakati ambao haki hiyo hutekelezeka kwa wepesi zaidi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, sheria hudhania kuwa ni heri aishi na mama yake, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa mahakamani. Hata hivyo, haimwondoi baba katika maisha ya mtoto. Kwa umri huo, ziara fupi za mara kwa mara huweza kumfaa kuliko mwezi mzima ugenini.

Mtoto si rehani

Makosa mawili hujirudia. Mzazi anayeishi na mtoto humzuia asiende kwa sababu matunzo hayajaletwa. Na mzazi aliyetembelewa hukataa kumrejesha shule zinapofunguliwa. Matunzo yana njia yake ya kudaiwa, nayo ni ofisi ya ustawi wa jamii au mahakama. Kuhusu kosa la pili, kifungu cha 40 kinakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye uangalizi wake halali.

Mambo ya kuafikiana mapema

Makubaliano yaandikwe, nayo yataje:

1. Tarehe ya kwenda na ya kurudi, siku chache kabla ya shule kufunguliwa.
2. Mahali pa kukabidhiana na mtu atakayemsindikiza. Ikiwa mtoto anatoka Mbweni kwenda Mbagala au mkoani, itajwe pia nani atalipa nauli.
3. Vitu vya kubeba: dawa, kadi ya bima na kazi za likizo.
4. Saa ya kuzungumza kwa simu na mzazi aliyebaki.
5. Zamu za sikukuu. Aliyekaa naye Idi au Krismasi mwaka huu ampishe mwenzake mwaka ujao.

Mtoto aulizwe maoni yake, lakini asilazimishwe kuchagua mzazi, wala asitumwe kupeleka maneno ya lawama. Ndugu wasitenganishwe bila sababu ya msingi.

Wakishindwa kuafikiana

Kifungu cha 94 kinazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto na kusuluhisha pale haki zake zinapovunjwa. Mzazi aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nakala ya amri ya mahakama, kama ipo. Usuluhishi ukishindikana, mahakama yaweza kuombwa itoe amri ya uangalizi au ya kumtembelea mtoto.

Pakiwa na hofu ya kipigo au ukatili, mtoto asipelekwe kwa ajili ya kutimiza makubaliano. Taarifa itolewe mara moja kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa simu namba 116, isiyotozwa malipo.

Talaka huvunja ndoa. Wajibu wa kulea hubaki kwa wote wawili. Wazazi wenye watoto shuleni wanahimizwa kukamilisha makubaliano yao kabla muhula haujaisha.