Tumbo na Futari

Ndugu Waislamu, katika Hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa matonge machache yamtosha mwanaadamu, na akiwa hana budi kuzidisha, basi thuluthi ya tumbo ni ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Nasi hufunga mchana kutwa, kisha Magharibi tukajijaza sambusa na kaimati hata Tarawehe ikatushinda! Hiyo ni israfu, japo twaiita ada.

Matumboni mna vijidudu vingi vyenye nafuu. Hivyo hula nyuzi za kunde, mbaazi na mboga, vikazigeuza tindikali iulishayo utando wa utumbo mpana. Alaye mikate myeupe na nyama tupu huvinyima riziki. Asiyezoea kunde na aanze kidogo kidogo, asije akajaa riahi.