Malkia Bora kwa Mizinga ya Nyeri

Wafugaji wengi kuanzia Kieni hadi Karatina hupata nyuki kwa kutundika mzinga mtupu na kungoja kundi lihamie. Njia hii haina gharama, na wazee waliotundika miatu, yaani mizinga ya magogo, juu ya miti waliifaidi sana. Tatizo ni kwamba inakuletea nyuki usiowachagua, mara nyingi uzao wa makundi yaliyozoea kugawanyika na kuhama. Msimu ukiwa mgumu nao huondoka, ukabaki na masega yanayoliwa na nondo. Ukimlea malkia mwenyewe, unachagua ukoo.

Anza na mama

Malkia ndiye mama wa karibu kila nyuki mzingani, hivyo ukali, bidii na utulivu wa kundi hutoka kwake na kwa madume aliojamiiana nao. Weka daftari msimu mzima. Andika mzinga uliotoa asali zaidi, uliovumilia kiangazi bila kuhama, na ule unaoweza kufunguliwa jioni kwa moshi kidogo bila kukimbiza majirani. Usichague kwa asali pekee. Kundi kali karibu na njia ya shule ni hatari.

Usikimbilie malkia wa mbali pia. Nyuki wa misitu ya juu ya Mlima Kenya, ambao wataalamu huwaita monticola, ni weusi zaidi, wakubwa kidogo na wapole kuliko wale wa nyanda za chini. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha nyuki wa Mlima Kenya na Mlima Elgon, ulionyesha kuwa wa juu wana tofauti za kurithi zinazohusiana na maisha ya huko. Mfugaji wa Naro Moru anayo mbegu nzuri karibu naye.

Kumlea

Yai la mfanyakazi na la malkia ni aina moja. Kinachowatenganisha ni chakula: buu wa malkia hulishwa maziwa ya nyuki kwa wingi mpaka chumba chake kizibwe. Ndiyo maana umri wa buu una uzito kuliko jambo lolote hapa. Buu anayefaa hajafikisha siku moja tangu aanguliwe. Ni mdogo mno, amejipinda kidogo ndani ya tone la maziwa. Aliyekwisha kulishwa kama mfanyakazi kwa siku kadhaa hutoa malkia dhaifu.

Kwa mzinga wa KTBH (Kenya Top Bar Hive) si lazima ununue vifaa. Tenga kisanduku chenye nyuki wachanga wengi, asali na chavua, bila malkia na bila mayai wala mabuu yao. Kisha wape kipande cha sega chenye mayai na mabuu wadogo kutoka kwa mama uliyemchagua. Siku ya tatu kagua: vyumba vya malkia vilivyokwisha kuzibwa vilianza na mabuu wakubwa, viondoe. Vingine vihamishie kwenye visanduku vidogo siku ya tisa, kimoja kwa kila kisanduku, kwa sababu malkia wa kwanza kutoka huwaua wenzake. Vibebe wima, bila kuvitikisa. Malkia hutoka takriban siku 15 au 16 tangu yai kutagwa.

Msimu na madume

Kazi hii huharibika Julai, ukungu na baridi vinapotanda Nyeri. Malkia hujamiiana angani, mchana wenye joto na utulivu, na madume kumi au zaidi. Akizuiwa na hali ya hewa kwa muda mrefu, anaweza kubaki akitaga mayai ya madume tu. Ngoja maua yawe mengi na madume waonekane wakitoka milangoni alasiri. Acha mizinga yako bora iwe na madume wengi, usikate masega yao.

Wiki tatu baada ya malkia kutoka, tafuta mayai. Yai moja lililosimama katikati ya kila kitundu, na kizazi kilichozibwa bila mapengo mengi, ni dalili njema. Ukikuta mayai kadhaa katika kitundu kimoja, yakiwa yametapakaa ukutani, wafanyakazi ndio wanaotaga: unganisha nyuki hao na kundi lenye nguvu mapema.