Somo la Umeme: Kusoma Mikrofaradi

Ndugu wafanyakazi, sisi tunaotengeneza mota za pampu hapa Bujumbura twakuta kondensa zimeandikwa µF, na za zamani MFD. Zote ni mikrofaradi, yaani faradi moja igawanywe kwa milioni. (Jina latoka kwa Faraday wa Uingereza, mtoto wa mhunzi.) Mikrofaradi 1 ni nanofaradi 1,000 au pikofaradi 1,000,000. Kidude cha redio chenye 104 ni 10 na sifuri nne, pikofaradi 100,000: mikrofaradi 0.1 tu. Tukikosea kipimo, mota hunguruma bila kuzunguka, kisha huungua. Volti nazo zisipungue. Na tukumbuke: kondensa hushika umeme hata swichi ikizimwa. Tuunganishe kwanza ncha zake kwa rezista, ndipo tuguse. Msimamizi akituharakisha, angoje.