ULINZI WA MTAA: TUKIKUTANA NA POLISI TUSEME NINI?



Katika darasa zetu tumekuwa tukisoma khabari za haki za jirani, na suali moja limekuwa likirudi kila mara: jirani ana haki gani juu yetu usiku, mlango wake unapovunjwa? Wengi wamejibu kwa upesi kuwa hiyo ni kazi ya polisi, wala si yetu. Wengine wamesema polisi hawana faida, heri vijana wa mtaa washike marungu. Majibu haya mawili yaonekana kuwa mbali mbali, lakini yote yamwondolea mwenye nyumba jambo lake mwenyewe na kumtwika mtu mwengine. Kwa hivyo tumeona yafaa tuliandike somo hili kwa kirefu kidogo.

Hivi karibuni tulihudhuria mkutano wa usalama katika mtaa mmoja wa mji wetu. Walikuwako wazee, chifu, na mkuu wa kituo cha polisi. Mkutano ulichukua saa mbili, na kila aliyesimama alisema maneno yale yale: wizi umezidi, unga umezidi, vijana wameharibika, serikali itusaidie. Mkuu wa kituo akaandika, akashukuru, akaondoka. Tulipotoka nje tulimuuliza mzee mmoja, “Je, mzee wetu, polisi wameahidi nini?” Akasema, “Wameahidi kuongeza doria.” Doria ya wapi? Hakujua. Ya saa ngapi? Hakujua. Na katika mkutano wa kabla ya huu waliahidi nini? Mzee akacheka tu, akavaa viatu vyake.

Hatumlaumu mzee, wala kwa jambo hili hatumlaumu mkuu wa kituo. Mtu akiambiwa kuwa kila kitu kimeharibika, ataanza wapi kutengeneza?

Yafaa kwanza tujue kuwa kukutana huku si hisani ya mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 244, yaitaka Huduma ya Polisi ya Taifa ijenge uhusiano mwema na wananchi kwa jumla. Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011 ikafuata, ikataja ulinzi wa pamoja kwa jina lake, na katika makusudio yake imeandikwa kuwa polisi na wananchi wayatambue matatizo pamoja na wayatatue pamoja, na kuwa polisi watoe hisabu ya kazi yao kwa watu wa mahali. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Rais Kibaki alikuwa amekwisha kuuzindua mpango wa namna hii. Kisha baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013, ukaja mpango wa Nyumba Kumi. Jina hili si geni kwetu, kwani jirani zetu wa Tanganyika walikuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi wa chama cha TANU tangu katikati ya miaka ya 1960. Lakini balozi yule alikuwa mtu wa chama, na jicho lake lilikuwa la chama. Twaitaja tofauti hii kwa sababu tutairudia mbele.

Basi sheria ipo. Lililobaki ni kujua la kusema.

Wako watu waliolipima jambo hili kwa hisabu, na mwenye kutafuta faida haulizi imetoka nchi gani. Katika mji wa Kansas City, Marekani, mwaka 1972 na 1973, polisi walizigawa sehemu 15 za mji makundi matatu. Kundi moja waliliondolea magari ya doria kabisa, ila wakiitwa. La pili wakaliacha kama desturi. La tatu wakaliongezea magari mara mbili au tatu. Mwisho wake hawakuona tofauti ya maana, si katika wizi wala katika khofu ya watu. Gari lililozunguka ovyo lilikuwa kama gari lisilozunguka. Hii ndiyo ile “doria itaongezwa” tunayoahidiwa na tunayoipigia makofi!

Miaka kadha baadaye, katika mji wa Minneapolis wa nchi hiyo hiyo, wataalamu walihisabu simu zote walizopigiwa polisi kwa muda wa mwaka mmoja. Wakaona kuwa nusu ya simu zile zilitoka katika asilimia 3 tu ya anuani za mji mzima. Maana yake, uovu haukutawanyika kama mvua. Ulikuwa umekaa penye kona fulani, nyumba fulani, duka fulani la pombe, na zaidi kwa saa zake maalumu. Na hapa kwetu, nani asiyejua? Muulize mama yeyote wa mtaani ni kichochoro gani asichompitisha binti yake baada ya Isha, atakuonyesha kwa kidole. Elimu hii tunayo, ila tunapofika mkutanoni twaiacha nyumbani na kusema “wizi umezidi.”

Kwa hivyo la kwanza la kusema ni mahali na saa. Si “mapanga yamezidi,” bali: penye gofu lile lisilo mlango, nyuma ya soko, kati ya magharibi na saa tatu za usiku, watu hunyang'anywa simu na vijana hukimbilia ndani ya gofu. Neno kama hili askari aweza kulifanyia kazi. Tena si la askari peke yake. Gofu lina mwenyewe, au lina warithi wanaogombana. Aweza kuambiwa aweke mlango. Taa iliyokufa ni ya serikali ya kaunti. Takataka zilizoziba njia mpaka watu wakalazimika kupita gizani, vile vile ni za kaunti.

Huko Chicago walianza mwaka 1993 katika wilaya tano za polisi, kisha wakaueneza mpango wao mji mzima. Waliugawa mji vipande 279, na katika vipande hivyo askari na wakaazi walikuwa wakikutana kwa kawaida mara moja kila mwezi. Watu walilalamika juu ya madawa ya kulevya, naam, lakini walilalamika sana pia juu ya nyumba mahame, magari mabovu yaliyotupwa, na uchafu. Na idara za mji ziliamrishwa kuyashughulikia maombi haya upesi. Mwanachuoni Wesley Skogan, aliyeufuatilia mpango huu kwa miaka mingi, aliandika pia aibu yake. Waliohudhuria mikutano zaidi walikuwa watu wazima wenye nyumba zao. Wahamiaji wasemao Kispania walihudhuria kidogo, na ndio waliofaidika kidogo.

Ndugu, tujitazame. Mikutano yetu huhudhuriwa na nani? Wazee wenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja haji, kwani hakualikwa. Wanawake hawaji, kwa kuwa mkutano umewekwa saa ambayo wamo jikoni au mahali pasipokuwa na nafasi yao. Na hali wao ndio warudio usiku kutoka arusini na matangani, na wao ndio waliomo nyumbani mchana mwizi anapopanda ukuta. Na vijana wa maskani huzungumzwa tu, hawazungumzi. Mtaa uliokutana hivi haujakutana. Haigharimu kitu kuuweka mkutano baada ya Alasiri katika madrasa yenye pazia, na kuwapelekea wapangaji khabari mlango kwa mlango.

La pili ni idadi. Waingereza walipojaribu jambo hili katika sehemu 16 za nchi yao baina ya mwaka 2003 na 2005, kisha wakalieneza nchi nzima, ikawa desturi katika mitaa mingi, na London hasa, wakaazi kuchagua mambo machache, aghalabu matatu, ambayo askari wa mtaa ule watayashika mpaka mkutano ufuatao, na askari hurudi kueleza wamefanya nini. Matatu tu. Twajua mtu ataona ni machache, hali mtaa una mambo thalathini. Lakini matatu huulizika. Thelathini hayaulizwi na mtu, na asiyeulizwa hulala. Kweli, baada ya mwaka 2010 fedha zilipopunguzwa huko, askari wengi wa mitaa waliondolewa, na kazi ikadhoofika. Na sisi tunayo balaa yetu ya namna hiyo, kwani mkuu wa kituo akishazoea mji huhamishwa. Dawa yake ni kuwa maazimio yaandikwe na mtaa wenyewe na yakae na mtaa, ili mkuu mpya akija apewe karatasi, asianze kwa kuhadithiwa.

Sasa twafika penye uzito, na hapa ndipo wengi wanapoogopa. Watu wa pwani hawasemi na polisi, na si kwa ujinga. Mombasa ya mwaka 2012 mpaka 2014 iliona wahubiri wakipigwa risasi barabarani, na aila zikilia kuwa vijana wao wamechukuliwa wasionekane tena. Mzazi aliyeyaona hayo, ukimwambia “leta jina la kijana mwenye kukutia shaka,” atakutazama na kunyamaza. Naye ana haki ya kunyamaza.

Yatupasa basi tutenge mambo mawili yasichanganyike. Kulinda mahali ni jambo moja. Kupeleleza watu ni jambo jengine. Dini yetu imelikataza hili la pili kwa wazi katika Suratul Hujurat, pamoja na dhana mbaya na kusengenya. Imepokewa pia kisa cha Sayyidna Umar, Mungu amridhie, ambaye alikuwa akizunguka Madina usiku kuwalinda watu. Usiku mmoja alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamwambia kuwa yeye amekosa moja, na Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia si kwa mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha. Na Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoandika kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa soko na wa mambo ya mji, alisema kuwa hana ruhusa kuchimbua yaliyofichika. Akatoa jambo moja: akiletewa khabari na mtu mwaminifu kuwa kuna roho inataka kuuawa, na wakati ukipita haitarudishika, hapo na aingie.

Mpaka huu twauona watosha hata leo. Mwenye panga aliyejificha amngoje mpita njia, khabari yake ipelekwe mara moja, awe mwana wa nani. Lakini fulani kuwa ana ndevu ndefu, au fulani kurudi usiku, au binti wa fulani kuvaa hivi, hayo hayana nafasi katika mkutano wa usalama. Na mwenyekiti anayeyaruhusu ameugeuza mkutano kuwa baraza ya kusengenya yenye muhuri wa serikali. Orodha ya mtaa iwe orodha ya mahali na saa, isiwe orodha ya majina. Khabari ya mtu iliyo na ushahidi hupelekwa kituoni, na mwenye kuipeleka adai nambari yake ya OB. Na askari akidhulumu, iko Mamlaka Huru ya kuwasimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Hupokea malalamiko, nayo yapelekwe kwa maandishi.

Limebaki jambo la marungu. Tumesikia watu wazima, wenye kuswali safu ya mbele, wakijisifu kuwa mtaa wao hauna wezi kwa sababu “alipatikana mmoja akachomwa.” Kijana huyo alichomwa kwa simu moja. Hakuulizwa, hakusikilizwa, na pengine siye. Sheria ya nchi yampa mtu wa kawaida ruhusa ya kumkamata mhalifu kwa masharti yake, lakini yamlazimisha amkabidhi kwa polisi bila ya kuchelewa. Naye polisi apaswa kumfikisha mahakamani katika saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Hakuna ruhusa ya kofi moja baina ya hayo. Mtaa utakaoweka walinzi wa usiku na usiwaambie maneno haya kabla ya kuwapa tochi, umeajiri wauaji. Na damu ikimwagika, waliochanga fedha za walinzi wasidhani wako mbali nayo.

Tena tumwangalie huyo mwizi ni nani. Katika kesi nyingi zinazotufikia hapa mtaani, si mgeni aliyevuka kivuko. Ni mtoto aliyesoma juzuu Amma katika madrasa yetu, kisha unga ukampata. Kumficha kwa sababu ni wetu ni kumdhulumu jirani aliyevunjiwa. Na kumchoma ni kumdhulumu yeye. Baina ya hayo mawili ipo kazi ya wazazi, ya kituo cha tiba, na ya kadhi wa mtaa asiye na cheo, yaani mzee yule anayesikilizwa na pande zote mbili. Kwa hivyo katika yale matatu ya mtaa, twashauri moja liwe daima la vijana, na liamuliwe na wao wakiwapo: uwanja ulioporwa, au taa penye maskani yao, au nafasi ya kazi iliyoahidiwa ikapewa wengine.

Wanadarasa wa mitaa mitatu wamekubali kulijaribu jambo hili kuanzia mwezi ujao. Kila mtaa utakutana peke yake kwanza, bila ya chifu wala polisi, uchague matatu yake na uyaandike mahali, saa, na nani wa kuulizwa. Kisha mkuu wa kituo aalikwe. Karatasi ibandikwe ukutani penye baraza ya msikiti na penye duka la maji, isomwe na kila mpita njia, na katika mkutano wa pili jambo la kwanza kabla ya khutba zote liwe ni kuisoma karatasi ile mstari kwa mstari na kuuliza: hili limefanywa, au halikufanywa, na kwa nini? Majibu yatakayopatikana tutayaandika katika kurasa hizi, mazuri na mabaya.